Tovuti Bei Gani, na Mpaka Lini?

Hotuba kwa wenye nyumba za wageni, vikundi vya ushirika na taasisi ndogo, Chake Chake, Pemba. Naiweka yote hapa kwa waliokosa boti na waliokosa nafasi ya kukaa. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu. Nimeombwa nizungumzie gharama za kutengeneza tovuti kwa mifumo ya kibiashara. Nitasema kwa lugha ya dukani, maana humu ndani wengi wetu ni watu wa duka, wa mwani, wa karafuu na wa wageni. Na fundi wa kompyuta akianza kusema kifundi, mara nyingi ana kitu anauza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Zamani ukitaka kubadilisha bei ya chumba kwenye tovuti ulimwita fundi, akafungua faili, akaandika. Baadaye ikaja mifumo ya kusimamia maudhui: unaingia kwa nywila, unaandika kama unavyoandika barua, unabonyeza, dunia inaona. Iko mikubwa ya makampuni, kama Adobe Experience Manager na Sitecore, inayonunuliwa na mabenki na mashirika ya ndege. Hiyo humu hamna atakayeigusa, ingawa jamaa zake nitawasimulia. Iko ya kukodi, kama Wix, Squarespace na Shopify: unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, na kila kitu kinakaa kwao. Na iko ya wazi, WordPress, Drupal, Joomla: programu yenyewe hulipii, unaichukua na kuiweka kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa wazi mtandaoni saa zote, ambayo unailipia.

Swali ninaloulizwa kila pahala ni moja: "Tovuti bei gani?" Nikijibu laki nne, mtu anaandika laki nne. Nikijibu milioni mbili, mtu anaaga. Na mwakani je? Na mwaka wa tatu? Na siku nikitaka kuhama? Hayo hayaulizwi. Mlango wa duka Darajani hakuna anayeuchukua namna hiyo. Unauliza kilemba, ile pesa ya kuingilia, unauliza kodi, unauliza kodi inapanda lini na kwa idhini ya nani, unauliza rafu nilizopigilia mwenyewe, nikitoka natoka nazo au zinabaki? Sasa kwa nini kwenye tovuti tunauliza kilemba tu?

Basi nianze na kodi.

Kodi yenyewe ni ya dola. Hili ndilo linalouma, na kwenye tangazo halimo. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 1,800. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Chukua huduma ya dola 30 kwa mwezi: mwanzo ulikuwa hufikishi hata shilingi 54,000, baadaye umevuka 78,000. Kampuni haijapandisha hata senti. Haijakuongezea hata ukurasa. Wewe unauza kwa shilingi, unalipa kwa dola, na kadi ya benki lazima iwe na salio siku ile ile ya kukatwa. Isipokuwa nalo? Wanajaribu mara mbili tatu, kisha mlango unafungwa.

Halafu yako makato ya mauzo. Shopify, kwa mfano, wana njia yao wenyewe ya kupokea malipo ya kadi, na Tanzania haimo katika nchi zinazoipata. Muuzaji anayetumia njia ya mtu mwingine hukatwa asilimia ya ziada juu ya kila anachouza, asilimia 2 kwa mpango wa chini wa kawaida, na bado yako makato ya huyo mwingine anayepokea kadi. Si wizi, imeandikwa wazi kwenye ukurasa wa bei. Lakini ukurasa wa bei unasomwa mpaka chini na nani?

Kuna kikundi cha akina mama, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, wanatengeneza sabuni za mwani. Sabuni nzuri, ya mkaratusi na ya karafuu, unainusa kabla hujavua viatu. Mfadhili aliwafungulia duka la mtandaoni la kukodi, sitaji la kampuni gani, na mwaka wa kwanza akalipa yeye. Makofi, picha, sare za kitenge. Mwaka wa pili mradi ukafungwa, na ilani za malipo zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ya ofisa aliyekwisha rudi kwao. Nilipoitwa nilikaa na katibu wao juu ya mkeka, daftari mbele yetu, tukaorodhesha. Mpango wa mwezi, huo mmoja. Programu ndogo ya kutafsiri kurasa kwa Kiingereza na Kitaliano, inadai yake kila mwezi. Programu ya kukokotoa nauli ya mzigo, nayo inadai. Kiolezo cha kurasa kilinunuliwa mara moja, hicho tukakisamehe. Kisha makato ya kila mauzo. Katibu akapiga hesabu kwa kalamu ya risasi, akafuta, akapiga tena, akaniuliza: "Mwanangu, sasa sabuni ngapi za mwanzo wa mwezi si zetu?"

Hilo ndilo swali, jamani. Sabuni ngapi za mwanzo wa mwezi si zenu? Vyumba vingapi vya mwanzo wa mwezi si vyenu?

Na wateja wao wa hapa hapa kisiwani? Walikuwa wakiona picha kwenye lile duka, wanapiga simu, wanatuma pesa kwa simu, na sabuni inapanda daladala. Duka la dola lilikuwa halina njia ya kupokea pesa za simu. Miezi yote ile liliwafanyia kazi ya kuonesha picha, ambayo WhatsApp ingeifanya bure.

Nikitoka kwenye kodi, naja kwa mwenye mlango. Mwenye mlango naye hubadilika.

Nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni mbili zilikuwa zikitamba katika biashara hii: Vignette ya Austin, Texas, na Interwoven ya California. Wanunuzi walikuwa makampuni makubwa, na leseni zikihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kabla hujamlipa fundi wa kuja kuufunga mfumo wenyewe. Walikuwa wapinzani khasa. Aliyenunua huku alijiona ameepukana na ya kule. Mwaka 2009 Vignette ikanunuliwa na Open Text ya Kanada. Mwaka huo huo Interwoven ikanunuliwa na Autonomy ya Uingereza. Mwaka 2011 Autonomy yenyewe ikamezwa na HP. Mwaka uliofuata HP wakatangaza kwamba thamani ya walichonunua wameishusha kwa dola bilioni 8.8, na sehemu kubwa ya lawama wakaitupia hesabu za Autonomy. Mambo yakafika mahakamani, London na San Francisco. Haya, na ule mfumo wa Interwoven? Mwaka 2016 ukauzwa tena. Kwa nani? Kwa Open Text! Wapinzani wawili wakaishia chini ya paa moja.

Mfikirieni mteja wa Interwoven aliyetia saini mara moja tu. Kabadilishiwa mwenye mlango, kabadilishiwa tena, kabadilishiwa mara ya tatu. Nani alimuuliza?

Mtasema hayo ni ya wakubwa. Haya, ya wadogo. Adobe walikuwa na huduma ya tovuti kwa biashara ndogo, Business Catalyst. Mwaka 2018 wakatangaza kwamba wataifunga, na Machi 2021 ikafungwa. Walitoa muda mrefu, haki yao niwape. Lakini ukipewa muda hujapewa pesa, na mwenye tovuti ilibidi ajengewe upya pahala pengine, kwa fedha yake. GeoCities, iliyokuwa chini ya Yahoo na kubeba kurasa za mamilioni ya watu, ilizimwa Oktoba 2009. Vijana humu hata jina hamlijui. Ndiyo hivyo hivyo.

Kwenye programu za wazi nako watu hugombana, msidhani ni malaika. Mwaka 2005 kulikuwa na mfumo ukiitwa Mambo, ulioanzia kwenye kampuni ya Australia iitwayo Miro. Kampuni na waandishi wa programu wakatofautiana nani ashike usukani wa taasisi ya kuusimamia. Waandishi wakafanya nini? Wakauchukua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa sababu leseni inaruhusu, wakaondoka nao, wakaupa jina la Joomla, ambalo ni jumla yetu hii hii kwa tahajia yao. Aliyekuwa na tovuti kwenye Mambo alihama nao bila ya kuandika upya kila ukurasa. Ugomvi ulikuwa wao, tovuti ikabaki yake.

Sasa msitoke hapa mkasema, "Yule bwana katwambia WordPress ni bure." Sikusema hivyo, na mwenyekiti shahidi.

WordPress ilianza 2003. Matt Mullenweg na Mike Little waliiendeleza kutoka programu ya kabla yake iliyoitwa b2. Leo zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa nayo. Ukubwa huo una khatari yake. Mwizi akigundua tundu kwenye plagini moja, yaani kiprogramu cha nyongeza, kapata njia ya kuingia tovuti maelfu kwa usiku mmoja, na wala hajaribu kwa mkono. Ana programu inayozunguka na kugonga kila pahala. Haijali kwamba yako ni ya madrasa ya Konde.

Skuli moja nilikwenda kuisaidia. Mzazi aliyeko Dubai alitafuta jina la skuli kwenye Google, akaletewa matangazo ya kamari, kwa herufi ambazo si yeye wala sisi tuliweza kuzisoma. Skuli yenye msikiti ndani, wallahi, na kamari! Mwalimu mkuu akafungua tovuti kwenye kompyuta yake: safi kabisa, picha ya mahafali, ratiba ya mitihani. Akadhani mzazi kakosea. Lakini wezi hawa wana ujanja: mgeni anayeandika anwani mwenyewe haoneshwi kitu, anayetoka Google ndiye anayepelekwa kwenye kamari. Ndiyo maana skuli ilikaa muda mrefu haina habari. Nilipoingia dashibodi, ule ukurasa wa ndani wa kuendeshea tovuti, nikakuta ilani za kusasisha zimejipanga moja chini ya moja, na plagini ya fomu ya maombi haijaguswa tangu siku ya uzinduzi. Kijana aliyeitengeneza alilipwa mara moja, akapewa cheti cha shukurani, akaenda zake. Mngetaka afanye nini? Mkono mtupu haulambwi.

Na si skuli tu. Mwaka 2016, nyaraka za Panama zilipovuja, wachunguzi wa usalama waliangalia tovuti za Mossack Fonseca, kampuni ya mawakili iliyokuwa ikitunza siri za matajiri wa dunia. Walikuta WordPress yenye plagini ya zamani, na Drupal ambayo haikusasishwa miaka. Watu wenye fedha kiasi kile! Drupal 7 nayo, iliyotoka Januari 2011, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Januari 2025. Miaka 14 si haba. Lakini kuitoka na kwenda kwenye matoleo ya sasa ni kujenga upya, hakuna kitufe cha kubonyeza.

Kwa hiyo mimi husema, ukitenga pesa ya kujenga, tenga na ya mwaka mzima ya kutunza kabla hujatia saini. Huna ya kutunza? Jenga kidogo. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita inahitaji nini hasa? Picha, bei, ramani ya kutoka bandari ya Mkoani au uwanja wa ndege, namba ya simu. Hizo kurasa nne zinaweza kuandikwa kwa HTML ya kawaida, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za mtandaoni, bila ya mfumo wowote. Hakuna dashibodi ya kuvunjwa, hakuna plagini ya kuoza. Bei ikibadilika mara mbili kwa mwaka, unamwita kijana wa mtaani, anakaa nusu saa, unamlipa. Mafundi wenzangu hawapendi nikisema hivi, maana hakuna cha kumuuzia mtu hapo. Na kurasa hizo ni nyepesi. Siku hizi ukurasa wa kawaida wa tovuti unapita megabaiti 2, na hii mifumo ya kujengea ukurasa kwa kuburuta na kudondosha vipande inaongeza mizigo usiyoiona. Juzi nilifungua tovuti ya hoteli moja nikiwa Micheweni, bando langu mwenyewe. Picha ya jahazi ikaanza kushuka kutoka juu: tanga, nusu ya tanga, mlingoti. Mpaka baharia anaonekana, mgeni wa kweli angekwisha kwenda hoteli ya pili.

Mzee mmoja hapo mbele kaniuliza kabla hatujaanza: kwa nini tusiweke seva yetu wenyewe ofisini, tukaepukana na kodi zote? Mzee wangu, Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Nyinyi Pemba mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha, mkatucheka. Seva iache ikae kwa watu wenye umeme wa uhakika, lipa kodi hiyo. Hiyo ni kodi ndogo.

Sasa nije kwenye lile ninaloitiwa zaidi kuliko yote. Ufunguo.

Hoteli ndogo, Nungwi. Mwenyewe mtu mzima, kaijenga chumba kwa chumba. Tovuti kamtengenezea mtoto wa binamu yake, kijana hodari, kwa nusu bei. Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, kaisajili kijana kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa kadi yake, kwa sababu mzee hakuwa na kadi. Ikaenda vizuri miaka. Kijana akapata kazi Muscat, akabadilisha namba, kadi ile ikaisha muda. Ilani za kulipia domeini zikawa zinaingia kwenye barua pepe ambayo haifunguliwi tena. Siku ya siku domeini ikaanguka, mtu asiyejulikana wa ng'ambo akaiokota, na sasa anataka dola ndiyo airudishe. Kijana hakuiba. Wala hakuwa na nia mbaya, alijisahau tu. Lakini kule barabarani, kwenye njia ya kuingilia, kipo kibao cha mbao ya mwembe, kimechongwa kwa patasi, herufi zimepakwa rangi ya samawati, na anwani iliyochongwa ni ya mtu mwingine. Fulana za mabaharia wao pia. Risiti pia. Piga hesabu ya hiyo gharama, uniambie iko kwenye mstari gani wa ankara ya laki nne?

Domeini za .tz, zile za Tanzania, zinauzwa na mawakala waliosajiliwa. Iko co.tz ya biashara, iko or.tz ya taasisi, na wenye hoteli wana hotel.tz yao. Yoyote utakayochukua, jina la mwenyewe liwe jina la biashara yako, na barua pepe iwe ya ofisi, inayosomwa na watu wawili. Pahala pa kuulizia domeini fulani ni ya nani papo mtandaoni. Fungueni leo leo, kwa simu hizo hizo mlizozishika.

Ufunguo wa pili ni wa kutokea. Wix wenyewe wanasema tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishiwa seva ya mtu mwingine. Squarespace wanakuruhusu kutoa baadhi ya kurasa na kuziacha nyingine. Shopify wanakupa orodha ya bidhaa zako kwenye faili la CSV, linalofunguka hata kwa Excel, lakini sura ya duka inabaki kwao. Hamkudhulumiwa hapo, ndiyo masharti ya kukodi. Ila uyajue unapoingia, si unapotoka. Mwambie fundi: maandishi yangu, picha zangu, majina ya wateja wangu, oda zangu, vinatoka vipi? Asikuahidi. Akuoneshe. Faili lishuke mbele yako, liingie kwenye flashi yako, ndipo umalizie malipo.

Je, nimesema msikodi? Hapana. Anayeuza vikoi kwa wageni waliokwisha rudi Ulaya, hana fundi, ana kadi, na mauzo yanaingia kila mwezi, akodi wala asione haya. Usiku analala bila ya kuwaza plagini, na hilo lina thamani. Kikundi ambacho mauzo yake ni ya msimu kisikodi duka la mwaka mzima. Na taasisi zinazopewa tovuti na wafadhili, nawaombeni, mama zangu, nawaombeni sana: mwaka wa pili na wa tatu uandikwe kwenye bajeti ile ile ya mwaka wa kwanza. Mfadhili akisema haiwezekani, mshukuruni, mwambieni awape kamera nzuri badala yake.

Mwenyekiti ananionesha saa. Waliokuja na mikataba, au na ujumbe wa benki wa kukatwa dola, tukutane barazani baada ya sala ya Adhuhuri tuisome mstari kwa mstari. Na ambaye domeini yake iko kwa jina la mpwa wake, aanze yeye.

Ahsanteni sana.